Macho Yangu Iko Wapi? Juu ya Picha za Saa Sita

Mama yangu si mtu wa maonyesho. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, yeye hubaki nyumbani, anasema hotuba ni zile zile na soda huisha kabla haijafika mstari wa nyuma. Mwaka huu alikwenda. Alivaa kitenge cha kanisani, akafungua mwavuli wake, akapita na lile jua la Kakuma mpaka ukumbi wa vijana ambako picha zilikuwa zimetundikwa ukutani, 22 kwa jumla. Akazitazama moja baada ya nyingine mpaka akafika namba 6, ambayo ni yeye mwenyewe. Akasimama hapo. Mimi nilikuwa pembeni nangoja afurahi. Baada ya muda akaniuliza polepole, kwa ile lugha yetu ya Kivu, “Macho yangu iko wapi?”

Nikatazama tena. Kweli, hayakuwepo. Chini ya nyusi kulikuwa na mashimo mawili meusi, na chini ya pua kivuli kimekaa kama sharubu.

“Iko pale, Mama. Ni kivuli tu.”

“Mama yangu tulimuzika na sura ya hivi,” akasema, akatoka kwenda kukaa chini ya mwarobaini.

Ndiyo maana naandika. Kwenye jarida letu tumezoea kushukuru, na mimi pia nashukuru: picha zilichapwa kubwa, kwa karatasi nzuri, na vijana waliozitundika walijitahidi, hakuna hata moja iliyokaa upande. Lakini watu huandika juu ya kitabu au juu ya sinema na kusema hapa pamefanywa vizuri, hapa pameharibika. Sioni kwa nini picha za sura zetu zisiandikwe hivyo.

Niseme mapema kwamba mimi nimo ndani ya kosa. Nafanya kazi na vijana, Jumamosi nafundisha kikundi kidogo kupiga picha kwa simu, na kwa sababu hiyo ndiyo nilipewa kazi ya kumtembeza mpiga picha alipokuja mwezi wa tano. Nilikuwa mkalimani wake siku tatu. Ni mimi niliyemwambia Mama atoke nje akae juu ya jerikeni. Nilimtoa kivulini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa mtu mpole, hilo lazima nilisema. Alisalimia wazee kwanza, hakupiga watoto bila kuuliza wazazi. Shida yake ilikuwa gari. Gari lilimfikisha kambini saa nne na nusu hivi, na saa nane alitakiwa kuwa ndani yake tena. Kwa hiyo picha zote 22 zimepigwa kati ya hizo saa. Asubuhi hakuna. Jioni hakuna. Ukizitazama kwa mpango, kutoka mlangoni mpaka kule mwisho kwenye meza ya kitabu cha wageni, unaona siku isiyosogea: ni mchana, mchana, mchana.

Na mchana wa hapa si mchana wa kila mahali. Kakuma iko karibu nyuzi 4 tu kaskazini ya ikweta. Mwezi wa tano na wa sita jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kidogo, lakini kwa macho ya mtu liko juu ya utosi. Tena saa yetu ya ukutani inatudanganya. Saa ya Kenya imepangwa kufuata mstari ulio mashariki sana, unaopita Somalia karibu na Mogadishu, na sisi tuko huku magharibi, kwa hiyo jua la Turkana linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo. Nakumbuka mgeni wetu alitazama saa yake ikiwa sita na nusu, akanambia vizuri, saa mbaya imepita, sasa mwanga unaanza kulala. Kumbe jua lilikuwa bado linapanda. Picha ya Mama ilipigwa wakati huo.

Jua likiwa juu ya kichwa, paji la uso linapokea mwanga wote, na macho yanabaki chini ya nyusi kama mtu aliyejificha chini ya paa. Pua inatupa kivuli juu ya mdomo, kidevu kinafuta shingo. Mtu mwenye macho yaliyotokeza anaweza kupona kidogo. Mama yangu macho yake yako ndani, na ndani hakufika kitu.

Kuna jambo la pili ambalo ni la kamera. Kamera haijui kama inatazama mama ya mtu au ukuta. Ukiiachia ijiamulie, inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta kati kwa kati. Sasa weka mtu mwenye ngozi kama yetu mbele ya mchanga wa Kakuma, mbele ya mabati mapya, chini ya anga isiyo na wingu. Kamera inaona mwanga mwingi kupita kiasi, inajifunga kama mtu anayekunja macho. Mchanga unatoka vizuri kabisa, punje kwa punje, na mtu anatoka mkaa. Anayejua kazi anailazimisha ifunguke kwa ajili ya uso, mchanga uungue kama unataka kuungua. Kwenye namba 6 naweza kuhesabu misumari ya bati nyuma ya Mama. Kitenge chake, ambacho alibadilisha mara mbili kabla hajatoka, kimechomeka upande wa bega, yale maua ya manjano hayajulikani. Misumari lakini iko, yote.

Hii si hadithi mpya. Zamani za filamu, Kodak walikuwa wakipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi, zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu wa kazi hiyo wakaziita kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Miaka mingi ikapita hivyo, na ngozi zetu hazikuwa kwenye kadi. Kamera za leo ni bora sana, ile ya mgeni wetu ilikuwa na uwezo wa kuona ndani ya tundu la panya. Ndiyo maana siilaumu kamera.

Sasa nije kwenye neno nililoambiwa pale ukumbini. Dada mmoja wa shirika, ambaye namheshimu na amekaa huku miaka kuliko wengi wenzake, aliniona nimekasirika akanambia kwa upole: lakini jua kali ni ukweli wa Kakuma, picha laini zingedanganya, watu wa nje lazima waone ugumu. Nilifikiri sana juu ya hilo neno. Usiku wa siku hiyo nilikaribia kulikubali.

Kesho yake saa saba nikatembea kutoka sokoni mpaka nyumbani nikitafuta mtu aliyekaa juani. Jaribu na wewe. Nilikuta wanawake wanasukana chini ya turubai. Wazee wanacheza karata nyuma ya kanisa, ule upande wenye baridi, na kila kivuli kikisogea nao wanavuta viti. Kinyozi ndani ya mlango wake. Waendesha boda wamelala juu ya pikipiki zao chini ya mwarobaini, miguu kwenye usukani. Hata mbuzi walikuwa wamejibana kwenye ukuta mahali kivuli kina upana wa mkono mmoja. Juani kulikuwa na mchanga na mimi peke yangu.

Basi huo ukweli unaosemwa uko wapi? Hakuna mtu wa hapa anayekaa juu ya jerikeni katikati ya uwanja saa saba kasorobo. Anayekaa hapo amewekwa hapo. Maisha yetu ya mchana yote yako kivulini: ndimo tunamopika, tunamobishana, tunamofanya mazoezi ya kwaya, tunamoandikia barua za maombi. Picha za maonyesho zimetutoa huko na kutuweka mahali ambapo sisi wenyewe tunapita mbio. Halafu zikaandikwa chini yake kwamba haya ndiyo maisha ya kambini. Ugumu upo, nani atabisha. Lakini ugumu wa saa saba ungeonekana vizuri zaidi kwenye ule mkono mmoja wa kivuli, na watu wangapi wanagombea kuingia humo.

Nisiwe mchoyo. Kuna picha mbili ambazo ningezitundika kwangu.

Namba 14 ni kinyozi, yule Mrundi wa karibu na kisima. Naijua hadithi yake kwa sababu nilikuwepo. Mgeni alimwomba atoke nje, na yeye akakataa, ana mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa imeshanyolewa, ataachaje? Akasogea tu mpaka kizingitini, mashine mkononi, akasema piga haraka. Tazama kilichotokea. Amesimama ndani ya kivuli cha paa lakini ameelekea nje, na lile jua lote lililoanguka kwenye mchanga mbele ya duka limeruka kutoka chini na kumwangaza usoni. Mchanga umefanya kazi ya taa. Nyuma yake ni giza la duka, kwa hiyo kamera haikuwa na kitu cha kung'aa cha kuitisha. Ngozi yake ina rangi zake zote, kuna wekundu kidogo kwenye shavu, na ndani ya kila jicho kuna alama ndogo nyeupe, ambayo ndiyo ule mlango. Anaonekana mtu ambaye amekatizwa kazi. Ni picha nzuri kuliko zote, na imepatikana kwa sababu aliyepigwa alisema hapana.

Namba 17 ni msichana wa timu ya mpira, na hii imepigwa juani kabisa, saa sita juu ya alama. Inapinga kila kitu nilichosema na bado inafaa. Yeye mwenyewe ndiye alitaka uwanjani, na jezi. Amekunja mikono, ameinua kidevu juu kama anamtazama refa ambaye hampendi. Kwa kule kuinua uso jua limeingia mpaka kwenye macho, ambayo ameyakunja, na kukunja huko kunamfaa, ni sura yake ya kila siku. Kivuli chake kimekuwa kidogo, duara jeusi chini ya viatu. Mpiga picha alishuka chini akapiga kwa kumtazama juu, nyuma yake ikabaki anga tu. Hapo jua lina kazi. Kwenye namba 6 halikuwa na kazi yoyote, lilikuwepo tu kwa sababu gari lilikuwa linangoja.

Namba 9 siipendi, ingawa watu wengi waliisifu. Mtoto chini ya mti wa mathenge. Majani ya mathenge ni madogo, kivuli chake kina matundu, na yale matundu yamemwangukia mtoto usoni madoadoa kama chui. Doa moja la mwanga liko juu ya jicho la kushoto na jingine limekata mdomo. Wanaosifu wanasema ni sanaa. Mimi naona mpiga picha alikuwa amesikia kwamba kivuli ni kizuri, akafika kwenye kivuli cha kwanza alichokiona. Hatua nne kutoka hapo kulikuwa na ukuta wa choo unaotoa kivuli kizima kisicho na tundu. Sawa, ni choo. Picha isingejua.

Zinazobaki nazipita. Nyingi ni ndugu za namba 6.

Vitabu vya kufundisha picha, na video zote ambazo vijana wangu wanaangalia kwa simu, vinatoa dawa moja: usipige sura ya mtu mchana, ngoja jioni, ngoja mwanga wa dhahabu. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye jioni. Karibu na ikweta jua halilali kwa uvivu kama nchi za kaskazini, linaanguka, ule mwanga mzuri unapita ukiwa bado unafuta lenzi. Na jioni mama zetu wako kwenye moshi wa jiko au kwenye foleni ya maji, na mgeni ameshaondoka. Sisi tunaweza kupigwa picha mchana. Hivyo swali la maana kwetu si jinsi ya kuukimbia mchana.

Kuna mtu aliyelijibu zamani, na hakuwa mzungu wa vitabu. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948, na sehemu kubwa ya picha zake alizipiga uani, nje, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe lenye nyuzinyuzi za pembeni. Nimeziona picha zake kwa simu tu, ndogo hivyo, na hata hivyo zilinikalisha usiku. Bamako nayo ni mji wa jua. Lakini kwenye zile sura mwanga unakuja kutoka upande, umetulia, unaingia kwenye macho, unapita kwenye shavu kama mkono wa mtu. Alikuwa akiwageuza watu kidogo, bega mbele, kichwa upande, na mara nyingi alipiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Wanawake wametandaza nguo zao mpaka zimejaa fremu, na unaweza kusoma kila ua la kitambaa. Nilipoona hivyo nilifikiria yale maua ya manjano ya Mama.

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya ua wa Keïta na uwanja wetu haiko kwenye kamera. Watu wa Bamako walikuja kwa miguu yao, na walilipa. Anayelipa anaweza kusema hii siitaki, hapa sina macho, rudia. Keïta angefungaje macho ya mteja halafu amdai pesa? Angefunga duka. Mama yangu hakulipa, kwa hiyo hakuonyeshwa picha mpaka siku ilipokuwa ukutani ikiwa na maneno chini yake: “Mama mkimbizi, Kakuma.” Jina halipo. Najua kuna watu hapa ambao jina lao lazima lifichwe kwa usalama, na hilo liheshimiwe. Yeye hakuulizwa.

Na tunao watu wa kulipwa hapa hapa. Kule sokoni kuna fundi picha, Mkongomani mwenzetu, ambaye anapiga za pasipoti, za ubatizo, za harusi, na zile za kumtumia mchumba aliye ng'ambo. Nilikwenda kukaa kwake siku mbili baada ya maonyesho, nione saa sita anafanya nini. Hafungi. Saa sita ndiyo watu wanakuja, wametoka kwenye foleni zao. Anayo baraza ya mabati yenye upana wa hatua mbili hivi, na ametundika shuka la bluu ukutani. Anamkalisha mteja karibu na ukingo wa kivuli, magoti karibu yaguse jua, uso ukitazama nje. Chini mbele ya miguu anatandika magunia ya unga aliyoyapasua na kuyageuza, ule upande mweupe juu. Jua linapiga gunia, gunia linarudisha mwanga juu, kivuli cha chini ya macho kinayeyuka. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akanitazama kama nimeuliza nani alimfundisha kula. “Mteja akilalamika, unajifunza,” akasema.

Mteja akiwa mrefu anamwambia ashushe kidevu kidogo, akiwa na macho ya ndani kama Mama anamwambia akipandishe. Akiwa na kofia anaisukuma nyuma. Akipiga kwa simu, anagusa uso wa mtu kwenye kioo kwanza, anapandisha mwanga kwa kidole mpaka ngozi ifunguke, haangaliki na kitu cha nyuma. Haya yote nilikuwa nayafundisha Jumamosi kwa maneno marefu, na yeye anayafanya huku anabishana na mtu juu ya chenji.

Lakini naye simwachi. Akishapiga vizuri hivyo, anaingiza picha kwenye programu ya simu na kuwaosha watu weupe. Shavu linakuwa laini kama sabuni, pua inapungua. Nilimwambia unaharibu kazi yako mwenyewe, akasema wanaomba. Ni kweli wanaomba, niliwasikia. Dada mmoja aliomba aongezewe weupe “kidogo tu, kama wa ng'ambo”. Kwa hiyo hapa kambini sura zetu zina njia mbili za kupotea: mgeni anazizamisha kwenye giza, na fundi wetu anazisugua mpaka zinaisha. Ya pili angalau tumeilipia wenyewe. Sijui kama hilo linanifariji.

Kuhusu wageni, si kwamba haiwezekani. Fazal Sheikh, mpiga picha aliyezaliwa New York mwaka 1965 na baba yake ana asili ya Kenya, alifika kwenye kambi za Wasomali hapa Kenya mwaka 1992 pamoja na waandishi wa habari. Wenzake walipiga haraka haraka wakaondoka. Yeye akabaki, akaomba ruhusa kwa wazee, na watu wakapigwa picha kwa namna waliyotaka kuonekana, majina yao yakiandikwa. Naona faida ya kubaki si adabu peke yake. Anayebaki anaona kivuli kinavyozunguka nyumba. Anajua saa tatu watu wako upande gani na saa tisa wako upande gani, na hana haja ya kumtoa mtu yeyote nje.

Najua mashirika hayawezi kumpa kila mpiga picha miezi. Gari ni gari. Lakini ndugu yangu unayefanya kazi nao, ukimleta mgeni saa sita, mwambie aulize swali moja kabla hajafungua begi: “Saa hizi huwa unakaa wapi?” Halafu aende akakae hapo. Hilo halimalizi hata dakika mbili. Na mwambie ageuze kamera amwonyeshe mwenye sura kabla hajaondoka. Mgeni wetu alikuwa na kile kitambaa cheupe cha duara cha kurudishia mwanga, nilikiona siku ya kwanza, kimekunjwa nyuma ya kiti cha gari. Kilibaki garini siku zote tatu, kwa sababu kinahitaji mtu wa kukishika. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono mitupu, natafsiri. Sikujua ni cha nini na sikuuliza.

Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, saa saba hivi, nilimwomba Mama nimpige tena. Akakataa. Nikamwambia hutoki nje, kaa pale pale unapokaa. Yeye hukaa kwenye kigoda ndani ya mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akichambua maharagwe. Nilitandika gunia la unga mbele yake mchangani. Jirani akauliza kama tunaanika mihogo. Simu yangu ina ufa kwenye kioo lakini lenzi ni nzima. Nikagusa uso wake, nikapandisha mwanga, mchanga ukaungua wote ukawa karatasi nyeupe, nikauacha uungue. Nilipiga kumi na moja. Kwenye ya tatu mkono umetikisika, ya sita na ya saba amefumba macho, ya nane kuku amepita.

Nikampa simu achague. Alivaa miwani yake, akavuta picha kwa vidole viwili mpaka macho yakajaa kioo chote, la kushoto, halafu la kulia. Akashuka kwenye kitenge akayatazama maua. Akanyamaza kidogo. Kisha akavuta mpaka kwenye kona ya nyuma, huko gizani, ambako mimi sikuwa nimeona kitu.

“Na ile sufuria chafu,” akasema, “ulishindwa kuitosha?”